Bolti Mbili za Kiti cha Kushoto

Mume wangu mtaani wanamwita Bolti Mbili. Ukiuliza fundi wa turbo yuko wapi, watakuonyesha karakana yake kwa kidole, watacheka kidogo, halafu watarudi kwenye shughuli zao. Zamani alikuwa anaitwa Pumzi, na jina hilo alilipenda mpaka akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Hili la pili hakuliandika popote. Akiitwa huitika tu, kichwa chini, na mimi nikilisikia nacheka mdomoni huku roho inaniuma. Acha nikueleze lilivyokuja, maana wengi wanaolitamka wanadhani ni utani wa mafundi.

Kwanza umjue mwenyewe. Ni mtu wa mikono myeusi na moyo mweupe, mpole kiasi kwamba kuku wetu wenyewe hawamuogopi. Kazi yake ni kufufua turbo za malori na pikapu. Turbo, kama hujui, ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho kinaisukumia injini hewa kwa nguvu, ikapata pumzi kuliko ilivyozaliwa nayo. Anazileta mpaka jikoni. Siku moja nimekuta moja imelowekwa mafuta ya taa ndani ya bakuli langu la unga, na nilivyopiga kelele akaniambia eti ilikuwa ya mteja wa haraka. Huizungusha kwa kidole, akaiweka sikioni, akafumba macho. Akisema inakufa, itakufa, hata ufanyeje.

Gari letu la familia nalo lilikuwa na turbo. Gari la zamani, refu, lenye nafasi kubwa nyuma, la kwendea sokoni, misibani na harusini. Na ndilo lililokuwa linampeleka mama yangu hospitali.

Mama alikuwa mpishi wa bweni la shule maisha yake yote. Alisimama mbele ya masufuria mpaka magoti yakamwambia basi, akastaafu, akaja kuishi kwetu. Ni mama wa mwili, tena hakuwa na haya na mwili wake hata chembe. Alikuwa akisema mpishi mwembamba ni shahidi wa uongo. Kila wiki alikuwa anakwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na yule mtaalamu alitupasulia jipu mapema: akiacha mazoezi, magoti yatakakamaa, na akishakalia kiti cha magurudumu hatainuka tena. Mume wangu akasema hiyo kazi ya kumpeleka ni yake. Na mama alimpenda, jamani. Mnofu ukitoka jikoni ulikuwa unakwenda kwa mkwe wake kwanza, mimi niliyetoka tumboni mwake nikapewa shingo.

Basi uwanja wa mbio za magari ulioko nje ya mji ukatangaza siku ya watu wa kawaida. Njoo na gari lako la barabarani, likaguliwe, uzunguke peke yako huku unapimwa muda, na mwenye kasi katika kundi lake apewe kombe. Mume wangu alivyosikia hivyo, akili ikamhama. Maisha yake yote alikuwa anayapa pumzi magari ya wengine. Sasa alitaka lake lionekane.

Akaifungua turbo akaisuka upya. Akabadilisha mabomba ya hewa, breki, mafuta ya breki, matairi. Akatafuta kipoza hewa kikubwa, lile sega la alumini linalokaa mbele ya rejeta kuipoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Hayo yote sikuyagombania. Nilichogombania ni uzito. Alishikwa na ugonjwa wa uzito. Asubuhi uzito, mchana uzito, tukila uzito. Kila kilo ni adui, anasema, huku mdomo umejaa chakula. Akatoa tairi la akiba, akatoa jeki, zulia, redio, kiti kizima cha nyuma, mpaka kisahani cha majivu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Nikamwambia atoe na mke basi, gari lipae. Akacheka, na kesho yake akatoa kiti cha mbele cha kushoto, cha abiria.

Hapo nikasimama. Nikamuuliza mama atakaa wapi. Akasema siku ya hospitali atakirudisha, ni bolti nne tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikanyamaza, maana kweli ni fundi, na fundi akikwambia ni bolti nne utabisha nini.

Sasa jambo hili mimi nililijua baadaye, lakini wewe nakupa mapema usije ukamhurumia bure. Alipofunga kile kipoza hewa, alikosa bolti nzuri za kukishikia. Alizokuwa nazo zilikuwa laini, zinapinda. Bolti za kiti ni ngumu, zimetengenezwa kuzuia mtu asirushwe gari likigonga. Zilikuwa pale pale kwenye kopo, urefu wake sawasawa. Akachukua mbili za mbele, akafunga kipoza hewa, kikakaa barabara, na moyoni akasema atatafuta nyingine. Siku ya hospitali ikamkuta hajatafuta. Akakirudisha kiti kwa bolti mbili za nyuma peke yake. Akakisukuma, kikatulia. Hospitali si mbali, akajisemea.

Siku hiyo mimi nilitangulia kwenda kumshikia mama foleni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na geti, pamoja na wagonjwa wengine, tunapiga soga. Pale getini pana kimlima kifupi. Nikaliona gari letu linafika, mlinzi akainua kizuizi, mume wangu akakanyaga mafuta kupanda. Turbo ikaamka. Nilisikia ule mluzi wake. Gari likaruka mbele, na kile kiti, kwa kuwa mbele hakikushikwa na kitu, kikabinuka kikaenda na mama nyuma, kwenye ule uwazi alioutengeneza mwenyewe kwa kutoa kiti cha nyuma.

Pale dirishani palipokuwa na kichwa cha mama yangu pakawa na miguu yake.

Watu wa foleni wote wakaona. Nilikimbia, lakini mume wangu na mlinzi walikuwa wameshafungua mlango, wanahangaika na mkanda. Mkwe na mlinzi wanamwinua mama mtu mzima aliyepinduka, mmoja anavuta mkono, mwingine anageuza uso pembeni asione asichotakiwa kuona. Natamani ningekuambia kwamba mume wangu alisema kweli. Alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia:

"Kiti kimezeeka. Kimezidiwa."

Mtu mmoja kwenye benchi akasema kweli kimezidiwa, na wenzake wakacheka. Mama akasimama kwa kushika mlango. Akaweka nguo zake sawa, akafunga kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa kimeanguka. Halafu akamgeukia mkwe wake.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nimekuvunjia kiti chako."

Na yeye akajibu, "Usijali, mama."

Kumbe alikuwa anamsamehe mama yangu kosa lake mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka ile "usijali" naona haya kana kwamba niliisema mimi. Lakini siku ile niliiona ni adabu. Nilisema moyoni, angalia mume niliyepata, hata hakukasirika.

Kuanzia hapo mama akabadilika. Wiki iliyofuata alisema anajisikia vizuri, haoni haja ya hospitali. Iliyofuata akasema mazoezi atafanya mwenyewe chumbani. Nilimbembeleza, nikagomba, nikamtishia kumwita yule mtaalamu nyumbani. Akasema hapandi tena lile gari, mwisho wa maneno, asije akaharibu na kilichobaki. Nikamtafutia gari la kukodi. Likafika mlangoni, akakiangalia kiti, akasema na hiki je, kikivunjika nacho? Akarudi ndani.

Na chakula akaanza kukikimbia. Mama yangu mimi, mpishi. Nikimpakulia ananiambia nipunguze. Nikipunguza anakula nusu, nusu anairudisha, anasema ameshiba. Nilidhani ni maumivu. Tulikuwa tunakaa watatu mezani: mimi, yeye, na mume wangu, ambaye alikuwa ameacha ghafla zile habari zake za uzito. Sahani ya mama ikirudi na chakula, yeye anatazama chumvi. Alivaa miwani ya mbao, kama wasemavyo. Alikuwa anakula haraka, anashukuru, anatoka, na nikimfuata karakana namkuta ameinama chini ya boneti hafanyi chochote.

Magoti ya mama yakaanza kuvimba. Akawa anakwenda msalani kwa kushika ukuta. Asubuhi namsikia anavyoinuka kitandani, anahesabu kwa sauti ya chini halafu anaguna. Tulikuwa tunalielekea lile la kiti cha magurudumu, na sote tulikuwa tunaliona linakuja.

Najua utaniuliza kwa nini mume wangu hakusema. Hata mimi nilimuuliza. Alisema siku ya kwanza alishindwa kwa woga, ya pili kwa sababu ya jana yake, na baada ya hapo kila siku ilikuwa inaongeza tofali. Kumwambia mama mkwe kwamba ulimlaza miguu juu mbele ya watu kwa ajili ya mashindano ya magari, halafu ukamtupia lawama mwili wake, si maneno ya kuyaanza mezani. Nilimwelewa. Kumwelewa mtu si kumsamehe lakini.

Siku ya uwanjani ikafika. Yeye alitangulia na gari, mimi nikapanda pikapu ya jirani yetu mchomeleaji, tunayemwita Cheche, tukiwa na matairi na vifaa nyuma. Kile kiti cha kushoto nacho kilikuwa huko nyuma. Kwa kuwa mama hapandi tena, bwana alikuwa amekitoa kabisa, na Cheche akakipakia eti tupate cha kukalia wakati tunaangalia.

Nikiri kitu: gari lilikuwa zuri. Kila bomba limekaa mahali pake, boneti likifunguliwa mafundi wengine wanakusanyika na kunyamaza. Nilisimama pembeni nimevimba kichwa. Mkaguzi akaja, mtu mfupi mwenye kizibao cha kung'aa na sauti ya kuuzia mnadani. Akapima breki, akatazama matairi, akasifu kazi ya turbo. Halafu akachungulia ndani na kuuliza kiti cha abiria kiko wapi. Mume wangu akasema amekitoa kupunguza uzito. Mkaguzi akamwambia kundi hili ni la magari ya barabarani, viti vyote viwili vya mbele lazima viwemo, ndivyo ilivyo tangu mwanzo, hakuuliza?

Hakuuliza. Ugonjwa wote ule wa uzito, na hakuuliza.

Cheche akakimbia kuleta kiti. Mume wangu akakiingiza, akainama na spana, akafunga nyuma. Nikamwona anachelewa kuinuka. Mkaguzi akamsogeza, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakitikisa. Kiti kikabinuka kikaangukia nyuma, vile vile, kama nilivyokiona getini. Mwili wangu ukaingia baridi kabla akili haijafika.

"Bolti za mbele ziko wapi?" akauliza mkaguzi.

"Zimeshika kipoza hewa," mume wangu akasema. Sauti ilikuwa inatokea chini kabisa.

Mkaguzi akasema abiria angekaa hapa angepinduka. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Alishapinduka." Nikamtazama mume wangu, nikamuuliza zimeshika tangu lini. Watu walikuwa wamekusanyika, na uso wake ulikuwa umemshuka mpaka nikamwonea huruma, na hiyo huruma ikanikasirisha zaidi.

"Tangu kabla ya hospitali," akasema.

Mkaguzi akataka kujua ni nani aliyepinduka. Mume wangu akasema ni mama mkwe wake. Nyuma huko mtu akaguna kwa kucheka, na mwingine naye, mpaka kicheko kikasambaa. Mshindani wa gari la jirani akamrushia bolti mbili kutoka kwenye kopo lake. Ndiyo, hivyo tu. Kila mtu pale uwanjani alikuwa na bolti kama zile, zinazagaa mifukoni, kwenye makopo, chini ya viti. Magoti ya mama yangu yalikuwa yanakufa kwa kitu ambacho wanaume wanarushiana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikaa kwenye tairi, nikaupa uwanja mgongo.

Alifunga kiti kwa bolti zile za kurushiwa, akakimbia mbio zake. Usifikiri aliacha kwa uchungu. Alikimbia, na alikimbia vizuri. Niliisikia ile turbo ikiamka kila anapotoka kwenye kona, pumzi ndefu safi, na masikio yangu yakanisaliti yakaifurahia. Alipomaliza, mtangazaji wa kipaza sauti, ambaye mkaguzi alikuwa ameshamnong'oneza, hakumtaja Pumzi. Alisema aliyeongoza kundi lake ni Bolti Mbili. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mume wangu akapanda kuchukua kombe lake, dogo kama la kulia yai, akiwa ameinamisha macho chini. Jina likafika mtaani kabla yetu, Cheche si mtu wa kubeba siri.

Wakati wa kurudi nilikwenda kwenye gari letu nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa. Akaniambia nipande na Cheche, kuna matairi ya kushusha. Nikamwambia naketi alipoketi mama yangu. Na nikamwambia tukifika, aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Asiposema nitasema mimi, na mimi sitachagua maneno. Njia nzima kombe lilikuwa linabingirika miguuni, hakuna aliyeliokota.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, mguu mmoja kaunyoosha. Akatuuliza tumeshinda? Mume wangu alifungua boneti pale pale mlangoni, akachukua spana, akazitoa zile bolti mbili za kipoza hewa, kikaning'inia upande. Zilikuwa bado za moto, alizipokezana mkono kwa mkono akija. Majirani walikuwa wameshaanza kusimama ukutani, maana habari ilikuwa imefika. Angeweza kumwita ndani. Hakumwita. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, hizi ndizo bolti za kiti chako," akasema. "Nilizitoa nikafungia vitu vyangu vya mashindano. Kiti hakikuvunjika, na hakikuzidiwa. Wewe hukuharibu kitu. Ni mimi, na nilijua siku ile ile."

Akamwekea zile bolti mkononi. Mama akazitazama, akazigeuza. Nilingojea atukane, nilingojea alie. Mimi ndiye nilikuwa nalia. Mama aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya kitu.

"Ulikuwa unaniona ninavyorudisha sahani?"

Mume wangu akasema, "Nilikuwa nakuona, mama."

Mama akazitia bolti mfukoni, akaendelea kuchambua maharage. Jioni nilimpakulia sahani iliyojaa, akaimaliza yote, akaomba nyingine. Mume wangu alikula kidogo sana.

Hospitali walirudi kwenda wiki ile ile. Mtaalamu aligomba, akasema tumepoteza kazi kubwa. Goti la kushoto lilirudi. La kulia halikurudi kukunjika sawasawa mpaka leo, mama analitupa pembeni akitembea. Hajawahi kulisema. Mnofu nao humpa mkwe wake bado, lakini sasa unapita kwangu kwanza.

Kiti cha nyuma kimerudishwa, na zulia, na hata kile kisahani cha majivu. Kiti cha kushoto kina bolti nne, amezikaza kwa spana ndefu mpaka nadhani siku ya kukitoa itabidi kikatwe. Hata hivyo, kila siku ya hospitali mama akifika kwenye gari, hapandi moja kwa moja. Anaegemeza fimbo yake mlangoni, anakishika kiti kwa mikono miwili, na kukitikisa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, taratibu. Mume wangu husimama kando akiwa ameushikilia mlango, macho chini, mpaka mama amalize.